Mbweha Niliyempa Sauti ya Mchungaji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie. Juzi umeniambia kwamba chuoni mnasoma hadithi za Waingereza wa kale, za zama zile kabla vitabu havijaanza kuchapwa, na kwamba unataka kuwasimulia watu wa kanisa letu hapa Bailey tulikohamia moja ya kuchekesha. Nilikujibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri. Tulia nikueleze, halafu utaamua mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, tukiishi Louisville, hukuhuku Marekani, mwaka wa tatu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Asubuhi nilipakia masanduku ghalani, jioni nilikwenda chuoni. Somo la hadithi hizo nililichagua kwa sababu saa zake hazikugongana na shifti yangu, si kwa kulipenda. Lakini lilinikamata. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alitueleza kwamba watu wengi wa zama zile hawakujua kusoma, kwa hiyo hadithi walizisikia kwa masikio, wakiwa wamekaa pamoja. Bwana wa ardhi aliweza kukufukuza shambani. Kasisi alikuwa na neno katika ndoa yako na maziko yako. Nani angethubutu kuwasema waziwazi? Basi wasimulizi waliwasema kwa midomo ya wanyama. Alikuwepo mbweha aliyevaa joho la kasisi, akawahubiria bata bukini mpaka wakafumba macho kuomba, kisha akawala. Msikilizaji alimcheka mbweha huku akijua vizuri sana anayechekwa ni nani. Mwalimu aliiita hiyo kejeli. Mimi niliona ni sungura na fisi wa kwetu wamehamia Uingereza, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Tukapewa kazi. Kila mmoja asimulie hadithi moja mbele ya watu wasio wa darasa letu, kisha aandike yaliyotokea. Nikachagua kanisa letu, Jumapili ya vijana.

Sasa umjue Mchungaji Yona. Kambini ndiye aliyenifundisha kusoma, mimi na watoto wengine wengi, katika darasa lenye vumbi lililomwachia kikohozi cha maisha. Louisville alikuwa akikata kuku kiwandani siku sita, na siku ya saba anatuhubiria. Kabla ya kuomba alikuwa akikohoa mara mbili, anashika kifua, anasema, "Tunyenyekee." Kila mara, bila kukosa. Jumapili hiyo alikuja na joho jipya jeusi ambalo akina mama wa kanisa walimshonea, la kwanza maishani mwake.

Lile joho nililiona asubuhi. Hapa nisikilize vizuri, maana kwa miaka mingi niliwadanganya watu kwamba sikulifikiria. Kwenye mkoba nilikuwa na hadithi nyingine, ya paka na panya, isiyomgusa mtu. Nikaiacha humo, nikasimulia ya mbweha. Tena niliiongezea. Mbweha wangu alipopanda mimbarini alikohoa mara mbili, akashika kifua, akasema, "Tunyenyekee."

Vijana walivunjika mbavu. Wazee waliangalia sakafu. Mimi, nisikufiche, kichwa kilivimba, kwa sababu tangu nifike nchi hii hakuna aliyekuwa amenisikiliza vile. Mchungaji alitabasamu kidogo, akafunga ibada mapema, na hakuomba.

Niliandika kazi yangu nikajisifu humo kurasa tatu, kikohozi nikakieleza kuwa ndiyo kejeli yenyewe. Mwalimu aliirudisha ikiwa na swali moja pembeni: huyo uliyemcheka, ana nguvu gani juu yako? Nilikaa na lile swali wiki nzima. Mwezi haujaisha, Mchungaji Yona akahamia mji wa Columbus na familia yake. Alisema amepata kazi nzuri zaidi. Mama yangu alisema sivyo, akanunua katoni ya soda, akanitia garini, tukaenda mpaka Gahanna, pembeni ya Columbus, alikopanga, maana kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu, wala huendi peke yako.

Alitupokea vizuri, na hilo liliniumiza zaidi. Nikaanza kueleza habari za Waingereza wa kale, kwamba mbweha si mtu fulani, kwamba ni fasihi tu. Aliniacha nimalize.

"Hadithi yako naielewa, Konsolata," akasema. "Hata kambini wakubwa tuliwacheka hivyohivyo. Lakini wanangu hawa Kiswahili wanakisikia nusu, wananijibu kwa Kiingereza. Siku ile walisikiliza mpaka mwisho, na waliyemsikiliza ni mbweha wako. Sasa nikiombea chakula, huyu mdogo anakohoa kabla yangu."

Nililia, mwanangu. Kisha nikaomba ruhusa, nikawaita watoto wake, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba kile kikohozi nilikiongeza mwenyewe ili nichekewe, na kwamba ulikuwa ubaya. Nikawasimulia siku mvua ilipong'oa paa la darasa letu, baba yao akasimama ameshika turubai kwa mikono miwili juu ya vichwa vyetu, huku akitutajia herufi mpaka tukamaliza. Yule mdogo akauliza turubai lilikuwa zito kiasi gani. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili, polepole, na mtoto akasogea karibu naye akasikiliza.

Louisville hakurudi. Kanisa letu lilikaa karibu mwaka mzima bila mchungaji, na lawama hiyo ni yangu.

Basi ninalokuusia ni hili. Zisome hadithi hizo na uzipende, ujue zilivyosukwa, lakini ujue pia nani alizisimulia na alimwogopa nani. Wale walimcheka mtu aliyeweza kuwanyang'anya shamba. Mimi nilimcheka mtu aliyechoka, aliyenipa herufi zenyewe nilizosomea hadithi ile. Ukisimama mbele ya watu wetu, watazame kwanza, na utazame watoto wao waliokaa pembeni yao. Ukiona yule watakayemcheka yumo humo na hawezi kukujibu, simulia nyingine.

Mungu akupe ulimi wa kuwafurahisha watu na macho ya kuwaona. Na kila utakapowachekesha, baba aondoke hapo akiwa bado ni baba mbele ya wanawe.