Mama Funguo na Ukumbi Usiokanyagwa

Ukumbi wetu wa muziki ulipokuwa gofu, Mama Funguo aliufungua kila asubuhi. Paa lilivuja, naye alipanga mabeseni chini ya matundu, kwaya ikaimba huku matone yakiitikia. Fundi viatu alikuja kusinzia kwenye viti vya nyuma, wanafunzi walikuja kubishana, na mimi, nisiye na sauti wala kazi, nilikuja kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kisha ukakarabatiwa. Mwenyekiti wa kamati alikata utepe, akasema huu ni ukumbi wa jamii, akasema tena na tena mpaka jamii ikachoka kusimama juani. Akamkabidhi Mama Funguo ufunguo mpya, akaondoka na gari. Sakafu ya mbao ilikuwa inang'aa, ungeweza kuchana nywele ukijitazama. Viti vilikuwa vyekundu, bado vimefunikwa nailoni za dukani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda chenyewe tukawa sisi.

Maana tangu siku ile hakuingia mtu. Darasa la ushonaji Mama Funguo alilikataa kwa ajili ya sindano, wazee wa mazoezi ya viungo kwa ajili ya jasho. Watoto hakujisumbua kuwatafutia sababu. Mwenyekiti alipopita kukagua, alimsifu kwamba hajawahi kuona ukumbi wa jamii uliotulia namna ile. Ni kweli, hata makaburini kwetu wageni ni wengi kuliko hapo.

Aliyeumia ni dada yake Mama Funguo, kiongozi wa kwaya ya kina mama. Sauti yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, kama rangi ya nguo inayofuliwa sana, na daktari alishamwambia hairudi. Alitaka kuimba mle ndani mara moja tu, kabla hajabaki na kunong'ona.

"Mdogo wangu," alimwambia mlangoni, kwaya nzima nyuma yake, "tuliimba humu tukiloa. Leo pamekauka, unatufukuza?"

"Nani kakufukuza, dada? Imbeni hapo ngazini. Mlango nauacha wazi, sauti iingie. Sauti haina miguu."

Basi dada akaimba akivitazama viti vitupu vyenye nailoni, na sisi wasikilizaji tukautazama mgongo wake.

Mvua ikashuka. Mama Funguo, bila hata kufikiri, akauacha mlango akakimbilia stoo kuchukua mabeseni. Habari za paa jipya zilikuwa hazijamfika miguuni. Aliporudi na rundo lake, hakuona tone hata moja. Alituona sisi na matope yetu, tumekalia nailoni. Dada yake alikuwa jukwaani, anaimba kwa sauti iliyobaki, na ukumbi ule, tuseme kweli, ulikuwa umekarabatiwa vizuri: uliibeba mpaka nyuma kabisa, fundi viatu akaamka.

Mama Funguo alisimama vilevile na mabeseni mikononi mpaka wimbo ukaisha. Akatazama sakafu, akamtazama dada yake.

"Kesho mje mapema," alisema. "Na mtanawa miguu."

Mabeseni yapo mlangoni hadi leo, yamejaa maji. Dada mtu sasa ananong'ona tu, anaongoza kwaya kwa mikono. Mwenyekiti alipokuja kukagua tena, akakuta cherehani upande huu na wazee wanajinyoosha upande ule, akauliza nani ametoa ruhusa. Mama Funguo akamsogezea beseni, akamwambia avue viatu kwanza.

Ndipo jamii ilipoona kwamba soksi ya mwenyekiti ina tundu, tena halijakarabatiwa.