Nilifuta Namba za Kurasa, Mwalimu Akakwama Darasani

Jamani, leo nimeaibika mbele ya darasa zima, na bado nimerudi Musoma nacheka.

Mnajua kazi yangu: nasahihisha vitabu vilivyoskaniwa, ili simu iwasomee wasioona kwa sauti.

Nilikuwaga nafuta namba zote za kurasa. Zinakata sentensi katikati! Unasikia, "Wakulima walivuna themanini na mbili pamba."
Nani anataka hivyo?

Leo nikaenda Bunda kumwona Mwalimu Bhoke, ambaye haoni, akifundisha kwa kitabu nilichosahihisha. Nilienda kusifiwa, niseme ukweli.

Akawaambia wanafunzi, "Fungueni ukurasa wa themanini na mbili."
Wakafungua.
Yeye akabaki anapapasa simu. Ukurasa haupati. Nyuma mtu akacheka.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kipindi kilipoisha nikamfuata. "Dada, nisamehe. Namba nilizifuta mimi."
"Kumbe ni wewe!" Akacheka. "Mdogo wangu, usomaji ni mzuri. Lakini wanafunzi wakifungua ukurasa, mimi niende wapi?"

Tukakaa ofisini, nikarudisha namba za sura ile. Safari hii kila namba iko kwenye mstari wake, juu ya aya, nimeiweka kama kichwa cha habari ili simu iirukie moja kwa moja.

Mchana akaingia darasa lingine.
"Ukurasa wa themanini na mbili."
Simu ikafika pale pale. Wanafunzi bado wanafunua, wengine wanachungulia kwa jirani.

Mwalimu akakunja mikono, akatabasamu.
"Haya, nawasubiri ninyi."