Milka Alivyokwenda Ufaransa Kutembea

Mtu akikuambia amelelewa Nyamira, kwetu Kenya, jua miguu yake imeshafanya kazi ya kutosha. Kule ni kupanda na kushuka tu: maji yako bondeni, shule iko mlimani, soko liko ng'ambo ya mlima mwingine. Kwa hiyo Milka aliposema anachukua likizo yake ya mwaka aende Ufaransa kupanda vilima kwa hiari yake, tena kwa nauli yake, nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Tunaishi watatu hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, juu ya duka la mshona abaya: Milka, mimi Cheryl, na Proscovia wa Uganda anayefanya kazi hotelini. Mimi nakaa mapokezi katika kliniki ya meno. Milka ni muuguzi wa kampuni inayopeleka wauguzi majumbani, na kwa miaka sita amekuwa akimtunza bibi mmoja Mqatari, Mama Latifa, huko mtaa wa Abu Hamour. Mama Latifa akishakula chakula cha mchana hulala muda mrefu. Wauguzi wengine saa hizo hupigia simu nyumbani. Milka alikuwa anazima sauti ya simu na kutazama video za mzee mmoja Mfaransa mwenye fimbo. Mzee hasemi kitu, anatembea tu mashambani. Anafika kwenye daraja la mawe, anasimama, analitazama. Anafika kwenye ngome iliyobomoka, anakaa chini, anakula mkate. Basi, video imeisha.

"Hizo njia ziko na alama," alinieleza siku moja. "Wamepaka rangi kwa miti na kwa kuta, nyeupe na nyekundu. Unafuata tu. Huwezi potea."

"Na ukifika mwisho unapewa nini?"

"Hupewi kitu."

"Sasa unaendea nini, Milka?"

Akanitazama kama anavyomtazama Mama Latifa akikataa dawa, akaendelea kukunja nguo zake.

Doha haina mlima, kwa hiyo alifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo letu. Ghorofa nane, juu na chini, mkoba mgongoni umejaa mchele kilo kumi. Mlinzi wa jengo alimwita fundi wa lifti mara mbili, maana hakuona sababu nyingine ya mwanamke mzima kujitesa hivyo. Proscovia naye alikuwa anamfungulia mlango na kumuuliza kama Ufaransa imeshafika.

Kisha viza ikatoka, na hapo hatukucheka tena.

Lazima nieleze. Kwa sisi tunaofanya kazi huku, viza ya Ulaya ni ya kwenda. Habari ya kurudi mtu huijaza kwenye fomu kwa sababu ubalozi unaitaka, kama vile zamani ulivyoandika "natumaini u mzima" mwanzoni mwa barua hata kama hujali. Milka alituonyesha tiketi ya kurudi, Ijumaa asubuhi, siku ya kumi na moja. Alituonyesha na vyumba alivyokodi katika vijiji vitano, kimoja baada ya kingine, kila kimoja mwendo wa siku moja kwa miguu. Tulivitazama vyote tukatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilimwambia Proscovia jikoni kwamba huyo mama ni mwerevu kuliko alivyoonekana. Nani angemshuku mtu mwenye ramani ya vijiji vitano?

Ijumaa iliyotangulia safari, kikundi chetu cha maombi kule Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa, kilimweka katikati. Mwenye kuongoza aliomba kwa nguvu kuhusu mlango ambao Bwana ameufungua na hakuna mwanadamu awezaye kuufunga. Watu walimshika mabega, wengine wakalia. Milka alikuwa amelalamika kuhusu goti wiki hiyo, akadhani tunaliombea goti, akaitikia amina kubwa kuliko wote. Hapo kila mtu akajua imethibitishwa: harudi.

Asubuhi ya kuondoka alituambia tutumie unga wake usije ukaingia wadudu. Sisi tukaelewa kwamba anagawa mali. Siku hiyohiyo birika lake la umeme likahamia rafu ya Proscovia. Siku ya tatu mimi nilihamia kitanda chake cha dirishani, ambacho nilikuwa nimekitamani miaka minne, na nikatandika shuka langu la maua. Niseme ukweli: kabla ya kutandika nililia bafuni nikiwa nimefungulia maji. Nilimwonea wivu, na nilikuwa nimeshaanza kumkumbuka. Sikujua lipi ni lipi.

Hakupiga simu. Kule mabondeni mtandao ulikuwa wa shida, lakini sisi tulisema ameshazima laini. Siku ya sita ilikuja picha moja bila neno: ukuta wa mawe wenye mistari miwili ya rangi, mweupe na mwekundu. Proscovia aliikuza kwa vidole.

"Hiyo ni ishara," akasema. "Anatuambia amefika kwa watu wake."

"Watu gani?"

"Cheryl, bambi, maskini wewe, hayo hawezi kuandika kwa simu."

Siku ya nane akanipigia Henry. Henry ni Mkenya mwenzetu, ndiye anayewapangia wauguzi wa kampuni ya akina Milka zamu zao, na tunasali naye Mesaimeer. Alitaka kujua kama Milka ataingia kazini Jumapili. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijiona rafiki mwema anayemsafishia njia aliyetangulia, nikashusha sauti.

"Henry, tafuta tu mtu mwingine."

"Nimekuelewa. Jumapili asubuhi napeleka jina lake ofisini wafute kibali chake cha kuishi. Siwezi kuficha, itanirudia mimi."

"Fanya kazi yako," nikamwambia, na nikajisikia mtu mkubwa sana.

Ijumaa asubuhi, siku ya kumi na moja, nikiwa nimejinyoosha dirishani, nilisikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Milka aliingia na mkoba wake, amekonda, pua imebabuka kwa jua, viatu vina tope ambalo Doha haijawahi kuliona. Akatazama shuka la maua, mimi nikiwa ndani yake. Akatazama rafu ya Proscovia.

Proscovia alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wamekukamata?"

"Nani?"

"Polisi. Wamekurudisha?"

"Si niliwaambia ni Ijumaa," Milka akasema. "Nani yuko na birika yangu? Nataka chai."

Tukamwandalia chai bila kutazamana. Yeye akatoa simu na kuanza kutuonyesha picha, mia tatu na kitu, na hata moja haikuwa na mnara wa Paris. Kulikuwa na kanisa dogo la mawe, ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za watu. Kulikuwa na nyumba ya njiwa, duara, tupu. Kulikuwa na ngome kwenye kilima, na Milka mbele yake anacheka na jasho linamtiririka.

"Hii haina paa," Proscovia akasema.

"Haina. Ilichomwa kwa vita."

"Umepanda ndege, ukatembea siku nzima, ukaona nyumba haina paa."

"Na kesho yake nikaona nyingine."

Hata mimi nilicheka, kisha nikakumbuka Jumapili na kicheko kikaniganda. Nikamwambia yote. Maombi, kitanda, unga tulioumaliza, na Henry nilimwambia nini. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kikombe chini, akaanza kufungua kamba za viatu, polepole, tope likidondoka kwenye zulia.

"Nairobi nilitumwa na baba nikasome nisaidie wadogo zangu," akasema. "Huku nilitumwa na wadogo zangu nisomeshe watoto wao. Nyumbani nikienda, naitwa mazishi. Nilitaka kwenda mahali mara moja tu bila kutumwa na mtu. Nione, nirudi. Na nyinyi mkanituma."

Nilitoa shuka langu kwenye kitanda chake, nikavaa, nikachukua teksi kwenda Mesaimeer.

Ijumaa pale ni umati. Unashuka mbali, unapita ukaguzi, unapishana na Wafilipino, Wahindi, Waethiopia, kila taifa na ibada yake. Nilimsubiri Henry nje ya ukumbi wetu saa nzima juani, maana sikutaka kumwambia mbele ya kikundi. Alipotoka nilimvuta pembeni.

"Milka amerudi."

"Amerudi wapi?"

"Hapa, Doha. Yuko nyumbani anakunywa chai. Usipeleke jina."

Henry akanikazia macho. "Cheryl, wewe ndiye uliniambia nitafute mtu. Nimeshamwandika Tiffany kwa Mama Latifa. Nimempa na njia ya kufika."

"Mwondoe."

"Alikuambia hatarudi?"

"Hapana."

"Uliona barua? Ulisikia akiongea na mtu wa huko?"

"Hapana. Alisema atarudi leo. Alisema tangu mwanzo, na tiketi alituonyesha."

"Sasa ulitoa wapi hayo maneno?"

Watu walikuwa wanatupita wakitusalimia, na yule aliyeongoza maombi ya mlango alikuwa anatukaribia na tabasamu. Nilikuwa na majibu kadhaa ya uongo tayari, yote mazuri.

"Kwa sababu ningekuwa mimi," nikasema, "nisingerudi."

Henry alitoa simu, akafungua orodha ya zamu, na nikamwona kwa kidole chake akifuta jina la Tiffany na kuandika Milka, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, Abu Hamour. Akaihifadhi, akairudisha simu mfukoni.

"Hata mimi," akasema, na tukageuka kumsalimu kiongozi wa maombi, ambaye alitaka kujua habari njema kutoka Ufaransa.