Jicho la Kushoto la Kinyonga

Kinyonga halali mchana. Akifumba jicho jua likiwa juu, anaumwa. Hilo nililijua vizuri, na bado nilisimama mbele ya kizimba chake kwa muda asubuhi hiyo nikijaribu kujishawishi kwamba anasinzia tu. Jicho la kulia lilizunguka kama kawaida, likinitazama, likitazama ukuta, likirudi kwangu. La kushoto lilikuwa limefungwa, kope imevimba na kung'aa kidogo pembeni.

Nilikuwa nimemtoa maabara siku ile ilipofungwa ghafla kwa sababu ya vita, kila mmoja wetu akaondoka na alichoweza kubeba. Wengine walibeba kompyuta. Mimi nilibeba katoni yenye kinyonga, niliyekuwa nimemtoa kwenye ua wa miti kando ya barabara iendayo kijiji cha Miti kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Tasnifu ilisimama, kinyonga akabaki. Tangu siku hiyo usingizi ulinikimbia, na nilikuwa nimejiwekea, bila kumwambia mtu, sharti moja: huyu asinifie.

Na angeweza kufa. Kinyonga hupima umbali kwa macho yote mawili kabla ya kurusha ulimi. Nilipomwekea panzi, aliinama, akasita, akarusha ulimi pembeni kabisa, kisha akaacha. Mbavu zilikuwa zimeanza kuonekana.

Niliishi kwa mama mkubwa wangu, dada wa mama, kule mtaa wa Muhumba. Kizimba cha chandarua kilikuwa barazani, kikizunguka mche wa kahawa uliopandwa kwenye ndoo. Nilishuku moshi, kwa sababu mbabula, lile jiko la makaa, ilikuwa karibu, nikaihamishia nyuma ya nyumba.

"Sasa mimi njo nahama juu ya kinyonga?" mama mkubwa aliuliza.

"Moshi iko inamuchoma macho, maman."

"Na yangu? Miaka yote napika, nani alihamisha moto juu ya macho yangu?"

Kisha nikashuku vumbi la kiangazi, nikafunika upande wa barabara kwa kitenge. Kisha nikashuku upungufu wa vitamini A, nikaanza kuwalisha panzi karoti ili nao wamlishe yeye. Nilifundishwa kwamba mtafiti hubadilisha kitu kimoja, akangoja, akapima. Mimi nilibadilisha vitu vitatu kabla ya chakula cha mchana.

Nilimwita daktari wa mifugo wa mtaani. Aliinama, akamtazama kinyonga, kinyonga naye akamtazama kwa jicho moja.

"Mimi natibu ngombe na mbuzi, tonton," alisema. "Hii munyama jicho yake inageuka pande zote. Nitaanzia wapi?" Hata hivyo alinishauri ninunue farmasi ile serumu ya chumvi wanayooshea macho ya watoto, nimdondoshee taratibu. Nilifanya hivyo. Jioni kope ililegea. Asubuhi ilikuwa imevimba tena, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kwa kweli, kwa sababu kilichomponya jioni kilikuwa kikishindwa na kitu kilichotokea usiku au alfajiri, na mimi sikujua ni kipi.

Siku iliyofuata niliona majani ya kahawa yana utando mweupe. Nilidhani ni kinyesi chake, maana mkojo wa kinyonga hutoka kama chokaa. Lakini utando ulikuwa juu ya kila jani, kwa matone, hata pale asipofika. Nikafanya jambo ambalo nisingemruhusu mwanafunzi yeyote alifanye: niliuonja. Chumvi.

Mama mkubwa alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Maman, nani anatia chumvi kwa majani?"

Hakunyanyua kichwa. "Si chumvi. Ni maji ya baraka."

"Iko na chumvi."

"Padri anatiaka kidogo. Mimi naongeza, juu ikuwe na nguvu." Alinitazama. "Mutu hafugi kinyonga, mutoto wangu. Mutu anamupita mbali. Weye umemuingiza mu nyumba, na wakati hii, na vile uko haulale. Nifanye nini? Nimufukuze, ukuwe mugonjwa zaidi? Kila asubuhi mbele ya kuenda misa ninamunyunyizia, naomba asituletee mabaya."

Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone majanini, na matone yakimwangukia usoni huyatumia kusafisha macho. Nilimweleza hayo yote kwa utaratibu, kama ninayetetea tasnifu.

"Lakini weye mwenyewe unamutia chumvi kwa jicho," alisema. "Ya farmasi."

"Ile ni kidogo, imepimwa."

"Kumbe haukatae chumvi. Unakataa yangu."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Nilimuuliza alianza lini kunyunyiza: kabla jicho halijafumba, au baada? Alifikiri kwa uaminifu. Alisema alianza alipomwona ana jicho baya. Kisha akasema hapana, alianza kabla, ila siku alipoona jicho ndipo alipoongeza chumvi. Kisha akasema hakumbuki. Kwa hiyo chumvi ingeweza kuwa chanzo, au ingeweza kuwa imeuchochea ugonjwa ulioletwa na moshi, ambao tayari nilikuwa nimeuhamisha, au vumbi, ambalo tayari nilikuwa nimelizuia. Nilikuwa nimefuta ushahidi wangu mwenyewe.

Tuliosha majani pamoja, jani kwa jani, kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Yeye aliosha ya chini. Ya juu, aliko kinyonga, aliniachia mimi. Niliendelea na serumu. Baada ya siku chache kope ilifunguka, kwanza kama tundu la sindano, kisha yote. Alikosa panzi wa kwanza. Wa pili alimpata.

"Mungu amesikia," mama mkubwa alisema.

Mimi nilimwekea kinyonga panzi wa tatu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama mkubwa barazani, amevaa kwa misa, chupa ya maji ya baraka mkononi.

"Niombe ao nisiombe?" aliuliza. Aliuliza kweli, akingoja.

Nilitazama jicho la kushoto, lililokuwa likimtazama yeye. Nilipima kila ninachokijua na sikupata jibu ambalo ningeweza kulitetea.

"Omba, maman," nilisema. "Ila chupa usiifungue."

Akaishika kwa mikono miwili, kizibo kikiwa kimekazwa, akaanza kuomba.