Mabenchi Sita ya Zahanati

Mtaani walimwita Msumari, na jina hilo hakujipa. Alipewa na marehemu baba yake, fundi seremala, siku alipomwona binti yake wa miaka tisa amejigonga kidole kwa nyundo, akakinyonya, kisha akaendelea kugonga palepale. Baba alipofariki, wajomba walikuja kubeba vifaa vya kazi. Msumari akalikalia sanduku la vifaa kutwa nzima. Waliondoka na redio.

Sasa ana miaka ishirini na miwili, na kikundi cha vijana saba wanaojitolea kila Jumamosi kutengeneza vitu vilivyovunjika: madawati ya shule, milango ya wajane. Mbao walikuwa wakiokota. Mwaka huu ndipo walipopata ruzuku ndogo ya miradi ya vijana, wakanunua mbao za maana, wakaunda mabenchi sita ya zahanati, kwa sababu pale kina mama hungoja kliniki wakiwa wamesimama, mmoja mgongoni, mwingine tumboni. Mabenchi yalipigwa msasa mpaka hata kanga isingenasa.

Msimamizi wa zahanati akayapokea kwa mikono miwili, akayafungia stoo.

"Mpaka mgeni rasmi aje ayazindue."

Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Wiki ya tano, Msumari alimsindikiza dada yake, mimba ya miezi minane. Foleni ilifika getini. Dada aliegemea ukuta, miguu imevimba, viatu kavua kaviweka kando.

"Dada, si ukae chini kidogo?"

"Nikikaa chini, nani ataninyanyua? Lete winchi!"

Wanawake wakacheka. Msumari hakucheka. Alikwenda kubisha hodi ofisini.

"Shikamoo, mzee. Naomba ufunguo wa stoo."

"Marahaba. Binti, tulishaongea. Mgeni anakuja Alhamisi. Akikuta yameshakaliwa, atazindua nini?"

"Atazindua watu waliokaa."

"Usinijibu hivyo! Ripoti ya mradi wenu inapita mezani kwangu. Nisipoisaini, awamu ya pili ya ruzuku muisahau."

Awamu ya pili ilikuwa ya randa ya umeme na paa la karakana, na wenzake walikuwa wakiiota usiku na mchana. Alitoka nje akampigia simu kijana anayepaka rangi kikundini, akamweleza yote.

"Tukiikosa je?" Msumari aliuliza.

"Kwani mbao za kuokota zimekwisha mitaani?" mpaka rangi akajibu.

Msumari akatoa bisibisi mkobani, anayotembea nayo kama wenzake wanavyotembea na kitana. Mlango wa stoo aliutengeneza mwenyewe mwaka jana, bawaba zikiwa kwa nje. Alifungua skrubu moja moja, akazitia mfukoni. Mlango ukaachia upande wa bawaba, kufuli likiwa limening'inia upande wake kama lilivyo. Wanawake wawili wakapokea benchi la kwanza kabla hajaomba msaada.

Yote sita yalipokwisha kukaliwa, msimamizi alitoka mbio. "Umevunja stoo!"

"Kufuli lako hilo hapo, mzee, sijaligusa. Nimefungua bawaba nilizopiga mwenyewe, na nitazirudisha."

"Inukeni! Yarudi ndani yote!"

Hakuna aliyeinuka. Waliokuwa wananyonyesha wakaendelea kunyonyesha. Dada yake Msumari akanyoosha miguu, akavuta pumzi ndefu.

"Baba, mimi nimeshakaa. Bila winchi sinyanyuki. Umekuja nayo?"

Kicheko kilimrudisha msimamizi ofisini.

Alhamisi mgeni rasmi alifika kweli. Alikuta kila benchi limejaa, akatafuta pa kuketi, akakosa, akahutubia kwa ufupi. Ripoti haikusainiwa. Paa la karakana linavuja hadi leo, na Jumamosi vijana saba wanaonekana wakipita na mkokoteni, wakiuliza nyumba hadi nyumba kama kuna mbao za kutupa.

Mlango wa stoo nao ulirudi mahali pake siku ileile, skrubu zote zimekazwa. Kufuli bado lipo, zima kabisa. Linalinda ndoo mbili na ufagio.