Meno Mekundu ya Baba Mkubwa

Baba Mkubwa, Wei Changgen, alikuwa akitengeneza mchele mwekundu hapa Gutian tangu kabla sijazaliwa. Aliupika kwa mvuke, akautia chachu na siki, akaurundika kwenye sakafu ya udongo na kuugeuza kwa reki ya mbao mpaka wekundu uingie kwenye kiini. Kipimo hakuwa nacho. Alitia punje mdomoni, akatafuna, akameza, akasema "bado" au "umeiva, tuumwagie maji." Kutwa nzima.

"Afadhali mbuzi," Mama Mkubwa alimwambia. "Yeye hushiba."

Mwaka jana kifua kilimbana. Hospitalini walisema mishipa ya moyo imeziba kwa mafuta, wakampa vidonge vya kila jioni. Daktari akauliza kama anatumia dawa nyingine, hata ya miti shamba.

"Hapana."

Nilikuwa nimekaa pale. Ningejibu hivyo hivyo. Mchele ule ni wa kutengenezea divai na kutia nyama rangi, si dawa.

Miezi miwili baadaye mapaja yakawa yanamuuma, reki ikamshinda, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Tukarudi. Daktari akamwangalia mdomoni.

"Mzee, mbona meno mekundu?"

"Kazi tu, daktari."

"Kazi gani?"

Alipoelezwa aliweka kalamu chini. Akasema kilichomo kwenye mchele na kilichomo kwenye kidonge ni ndugu. Vyote hushusha mafuta ya damu, na vikizidi hula misuli.

"Basi niache vidonge."

"Mchele wako una dawa kiasi gani? Unajua?"

Baba Mkubwa alipitisha ulimi kwenye meno.

"Leo nyingi, kesho hamna. Acha vyote viwili mpaka misuli ipone, kisha vidonge peke yake. Mchele usiuonje tena, la sivyo sitawajibika kwa moyo wako."

"Nitajuaje umeiva?"

Daktari alichukua kalamu, akaandika tarehe ya kurudi.

Nyumbani, rundo jipya lilikuwa la siku ya nne. Alimpa Mama Mkubwa punje. "Onja."

"Mchungu."

"Uchungu wa mwanzoni au wa mwishoni?"

"Mchungu, mzee! Mimi nina ulimi, sina mizani."

Hatukucheka. Alishika punje nyingine kiganjani muda mrefu, kiganja kikawa chekundu. Mdomoni hakuitia.

"Tuumwagie maji," akasema.

Tuliumwagia maji mapema mno. Baada ya siku mbili rundo zima likanuka. Alilifagia mwenyewe, polepole, na mapaja bado yanamuuma. Kisha akaenda kupiga mswaki.

Meno yake siku hizi ni ya njano, kama ya watu wengine.