Miguu ya Mama Aicha Mlangoni pa Kura

Soko la Kasongo lilipopata ruhusa ya kumchagua kiongozi wake katikati ya korona, lilipewa na sharti: pawe na mtu wa kusimamia unawaji, barakoa na nafasi kati ya watu. Wauzaji wakamteua Mama Aicha, mpika sabuni ya mawese, na hawakuhitaji kumsihi. Mumewe, Ayoubu, alikwenda mzima kwenye mkutano wa wauzaji, akarudi na kikohozi, akazikwa na watu wanne wenye haraka. Msibani hakuna aliyethubutu kuingia. Mama Aicha aliapa kwamba soko hili halitamwua mtu mwingine namna ile.

Asubuhi ya kura alikuta mlangoni pa jengo la kupigia kura ndoo mbili mpya za kunawia, kila moja na picha ya Kamaldine, muuza nguo aliyekuwa akigombea. Watu wa Magloire, mpinzani wake, walilalamika kwamba hiyo ni kampeni. Wasimamizi wa kura wakajadiliana kwa Kifaransa kirefu, kisha wakaamua ndoo ziondolewe. Zikaondolewa. Maji ya kuweka badala yake hakuna aliyeyawaza.

Hasira ikampanda. Zamani katika mji huu mgeni hakukaribishwa kula kabla ya kumiminiwa maji, na birika halikuwa na sura ya mtu. Leo hata maji yana chama! Akaenda nyumbani, akarudi na birika, beseni, ndoo ya maji ya kisima na kipande cha sabuni yake.

Wakamcheka. Vijana wa Kamaldine walisema maji yale ni ya Magloire. Wa Magloire wakasema ni ya Kamaldine, kwa kuwa mama ni Mwislamu mwenzake. Watu wakawa wanampita na mikono mikavu, barakoa kidevuni.

Ndipo alipotandika kitenge mlangoni, na mlango ulikuwa huo mmoja tu. Akaketi, akanyoosha miguu kutoka mwimo hadi mwimo. Aliyelelewa Kasongo anajua kwamba miguu ya mama hairukwi: anayeiruka humfunga kwa mkosi, mpaka arudi airuke tena kumfungua. Mstari mzima ukasimama.

"Mwenye kunawa, nitakunja miguu apite," alisema. "Asiyetaka, aniruke."

Emile, mkulima wa mpunga kutoka Wamaza, alinawa wa kwanza, taratibu, hadi viwiko. Akafuata muuza samaki wa Nyangwe. Kazi ikaenda vizuri mpaka zamu ya Salomon, mpiga kampeni wa Kamaldine, ambaye utotoni alikula sana nyumbani kwa Ayoubu.

"Nawa, mwanangu."

"Mama, unatuchelewesha. Korona yenyewe imeshatuchoka."

Akainua suruali isichafuke, akamruka. Wazee wakageuza nyuso. Mama Aicha aliiona soli ya kiatu ikipita juu ya magoti yake.

"Umeniruka, Salomon," alisema bila kugeuka. "Utarudi hapa hapa uniruke tena, unifungue. Mulango iko mumoja."

Salomon alipiga kura, akaja hadi karibu yake, akayaona macho ya mstari mzima, akarudi ndani. Akatokea dirishani. Watu wakacheka, naye akacheka nao, na hapo mambo yakaharibika, maana waliochoka kungoja waliiona njia. Mmoja akaingia kwa dirisha, mwingine akamfuata, hata akina mama wakainuliwa viunoni, wakisukumana na kukoholeana usoni. Wasimamizi waliwapa karatasi za kura bila kuuliza wameingilia wapi. Mama Aicha alipiga kelele hadi koo likakauka.

Jioni mkuu wa wasimamizi, Nathanaël, alimwomba aseme mbele ya watu kwamba masharti yalifuatwa. Bila neno lake, wakubwa wa afya wangeufuta uchaguzi.

"Kwa mulango yalifuatwa," alijibu. "Ya dirisha, uliza dirisha."

Nathanaël akaugeukia umati, akatangaza kwamba msimamizi wa afya amekubali: masharti yalifuatwa.

Mama Aicha akasimama, akamwita mwongo kwa sauti yote iliyombakia. Hakuna aliyemsikia. Umati ulikuwa ukipiga makofi, kwa mikono ile ile mikavu.